Faiba Haiozi, Sakafu Inaoza

Faiba haiozi. Kila anayeuza trela la zamani la faiba (nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi) hapa Minnesota, Marekani, atakuanzia na neno hilo, na ni kweli tupu. Ganda lililotengenezwa mwaka 1975 bado linakatiza barabarani leo, wakati matrela mengi ya mbao na mabati ya umri huohuo yalishakuwa vyuma chakavu. Muuzaji ananyamazia yaliyobaki: ndani ya ganda kuna sakafu ya mbao, chini yake chesisi ya chuma, halafu ekseli yenye mpira, nyaya, mabomba na magodoro ya sponji. Hivyo vyote vinaoza, vinashika kutu au vinakauka kama vingine vyovyote duniani.

Nieleze kwanza trela lenyewe, maana ndugu zangu wa Tanga nikiwaambia "trela" wanafikiria lile la kubeba makontena bandarini. Hili ni chumba cha kulala chenye magurudumu mawili. Unakivuta nyuma ya gari kwenda kupiga kambi ziwani, na huku maziwa ni mengi mpaka yameandikwa kwenye pleti namba za magari. Letu ni la chapa ya Scamp, la futi 13, yaani mita nne pamoja na mkono wa kuvutia. Ndani kuna meza inayoshushwa ikawa kitanda, jiko la gesi la mafiga mawili, sinki, kifriji na kabati la nguo. Likiwa tupu halifiki kilo 700. Mke wangu alipoliona mara ya kwanza aliuliza choo kiko wapi. Hakuna. Tukaendelea na mazungumzo mengine.

Chanzo cha matrela haya ni bwana mmoja wa Winnipeg, Kanada, aitwaye Ray Olecko. Kabla yake alikuwa amebuni tanki la maji machafu la faiba, la kufukiwa ardhini, jepesi kuliko la zege. Akaona kwamba kitu chepesi hivyo, kisichopitisha maji, kinaweza pia kulaza watu. Mwaka 1968 likatoka Boler la kwanza. Miaka michache baadaye wazo likavuka mpaka, na Scamp zikaanza kuundwa Backus, kijimji cha kaskazini mwa Minnesota, ambako zinaundwa mpaka sasa. Wanaojua habari ya tanki huwatania wenye Boler, na wenye Boler wameshazoea.

Muundo wake ndio unaoamua kila kitu utakachokarabati, kwa hiyo uelewe vizuri. Kuna kalibu mbili, ya juu na ya chini. Kila nusu inatoka kipande kimoja, kisha zinakutanishwa kiunoni kama vifuu viwili vya nazi vilivyogeuziana midomo, zinaungwa kwa ndani na vipande vya faiba na resini, ile gundi ya majimaji inayoganda, na kwa nje mshono unafunikwa na mkanda. Hakuna fremu ya mbao ndani ya kuta. Paa linashikiliwa na umbo lake lenyewe pamoja na makabati. Vijana wanaonunua matrela haya ili wayapige picha za mitandaoni huanza kwa kung'oa makabati yote, wapake nyeupe, waweke mimea. Baada ya muda paa linabonyea, ukuta unatanuka, na mlango unagoma kufunga. Halafu wanauza, na tangazo linasema "limefanyiwa ukarabati wa kisasa".

Ndiyo maana nikienda kuangalia trela la mtu siangalii rangi. Nabeba tochi, bisibisi na kipande cha jamvi cha kupigia magoti. Pua ndiyo inayoanza: fungua mlango uingize kichwa kabla hewa haijabadilika. Harufu ya ukungu haifichiki, na ukikuta vile vikaratasi vya manukato ya gari vinaning'inia vitatu ndani ya chumba kidogo namna ile, jiulize vinafunika nini. Kisha tazama uwazi kati ya mlango na fremu yake. Kama juu ni mpana na chini umebana, au mlango umechongwa pembeni ili ufunge, paa limeshuka. Halafu piga magoti pembezoni mwa sakafu, chini ya viti, nyuma kabisa, mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kufagia. Bonyeza bisibisi. Mbao nzima inaikataa, ncha inateleza. Mbao iliyooza inaipokea bila sauti, na ukiichomoa inatoka na unga mweusi wenye unyevu. Kwenye letu ncha ilizama sehemu mbili, karibu na mlango na kwenye kona ya nyuma upande wa kulia. Nikamwonyesha mwenye mali, akatazama pembeni, bei ikashuka.

Usiondoke bila kulala chali chini ya chesisi. Matrela ya zamani ya aina hii yanajulikana kwa kupasuka chuma pale mbele, mkono wa kuvutia unapoingia chini ya ganda na reli inapopinda. Ufa wenyewe mara nyingi ni mstari mwembamba wa kutu uliopenya kwenye rangi, hauzidi unywele. Sugua na brashi ya waya ndipo uamini. Ufa ukiwepo si lazima ukimbie, lakini mtafute mchomeleaji anayejua kuweka bamba la kuimarisha, si wa kuziba mstari tu, na ondoa betri na mitungi ya gesi kabla hajawasha mashine.

Sasa maji.

Makabati ya ndani yamefungwa kwa ribiti za alumini zinazotoboa ganda kutoka nje mpaka ndani. Kila kichwa cha ribiti kimefunikwa kwa kofia ndogo ya plastiki nyeupe. Jua linazikausha, zinadondoka moja moja, na ribiti yenyewe inalegea kwa kutikiswa barabarani. Hesabu ribiti zote za trela, ongeza madirisha, tundu la hewa la paani, taa za nyuma, grili za friji na mshono wa kiunoni, utapata idadi ya njia ambazo mvua inaweza kupita. Tena maji yakiingia kwenye ribiti ya juu hayadondoki palepale. Yanashuka nyuma ya zulia la ukutani, yanapita juu ya ile karatasi inayong'aa ya kuzuia joto, yanatokea sakafuni mbali kabisa. Mtu anabadilisha mbao ya kona, anashangilia, na misimu miwili baadaye kona ileile inabonyea tena kwa sababu tundu lilikuwa juu ya dirisha.

Kumtafuta mkosaji kunahitaji watu wawili na mpira wa kumwagilia bustani. Anza chini, panda polepole, kila mahali dakika kadhaa. Ukianza juu, maji yanashuka yanalowesha kila kitu na hutajua yameanzia wapi. Mwanangu ndiye anayekaa ndani na tochi. Akiona tone anapiga ukuta kwa kiganja. Safari moja aligonga tukiwa bado kwenye mkanda wa kiunoni. Nikafunua zulia, nikakuta vipande vya faiba vya mshono vimeachia kwa urefu wa karibu mkono mzima. Bila yeye ningemaliza msimu mzima nikilaumu dirisha.

Ribiti mbovu haikazwi, inabadilishwa. Toboa kichwa chake kwa drili, biti ya inchi 3/16, taratibu ili usipanue tundu. Sukuma mabaki, safisha, paka gundi ya poliuretani kuzunguka tundu, ingiza ribiti mpya, na kwa ndani mtu ashike washa ili ribiti isije ikaila faiba. Kofia mpya juu. Ni kazi ya kuchosha akili, si mikono, na redio inasaidia.

Na hapa nina ugomvi na silikoni. Nazungumzia ile ya bafuni, tyubu ya bei rahisi, ambayo kila mmiliki mwenye haraka huimwaga juu ya kila kinachovuja. Silikoni haishikani vizuri na ganda lililochakaa. Inanyanyuka pembeni, inakuwa mfereji unaohifadhi maji badala ya kuyazuia. Ubaya mkubwa unakuja ukitaka kuiondoa, kwa sababu inaacha utando usioonekana ambao haukubali gundi nyingine, wala rangi, wala silikoni mpya. Madirisha ya trela letu yalikuwa yamepakwa tabaka juu ya tabaka, kila tabaka na rangi yake. Nilikwangua kwa wembe wa plastiki ili nisikwaruze jelikoti, yaani tabaka la nje la ganda linalong'aa, nikapaka dawa ya kuyeyusha silikoni, nikasugua, nikarudia. Baada ya hapo nikaweka utepe wa butili, mpira laini unaonata. Butili haigandi kamwe, inabaki laini na kufuata ganda linapotanuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi. Unakaza skrubu mpaka ichungulie pande zote, unasubiri siku ya jua, unakaza tena, kisha unakata iliyozidi. Watu watakuambia ni kazi ya kizamani. Waache.

Faiba yenyewe nilifundishwa kwa simu na mjomba wangu, ambaye amekuwa akiziba boti za wavuvi Tanga tangu mimi sijaanza shule. Kwenye ubavu wa trela kulikuwa na tundu la hita ya zamani iliyong'olewa, ukubwa wa kiganja, limezibwa na bati na skrubu nne. Nikamwamkia, nikamgeuzia kamera.

"Marahaba. Hilo bati toa," akasema kabla sijauliza kitu. "Halafu saga. Usiweke kiraka juu ya ngozi, mwanangu. Saga mpaka uone nyuzi."

Alikuwa na maana ya mteremko. Kingo za tundu zinasagwa kwa msasa mkali zikawa nyembamba kuelekea katikati, upana mara 12 ya unene. Ganda lina milimita tatu hivi, kwa hiyo unasaga karibu sentimita nne kuzunguka pande zote. Inauma kuona tundu la kiganja likigeuka jeraha la sahani, lakini kiraka kinashikwa na eneo, na bila mteremko kitaachia kwenye ukingo. Ukimaliza kusaga, futa kwa asetoni, na usiguse tena kwa vidole vyenye jasho.

Nyuma ya tundu niliegemeza ubao uliozungushiwa utepe wa plastiki ili usigande. Kisha mkeka wa nyuzi fupi, kitambaa cha kufumwa, mkeka, kitambaa, kila tabaka likilowekwa kwa brashi na kugandamizwa kwa rola mpaka viputo vyeupe viondoke. Nyuzi zikishiba resini zinabadilika mbele ya macho yako, kutoka nyeupe mpaka kuwa kama hazipo. Pakibaki peupe pana hewa, na penye hewa pana udhaifu.

Kwa resini kuna mambo ambayo duka halikuelezi. Mkeka wa nyuzi fupi umeshikanishwa na gundi inayoyeyuka ndani ya resini ya poliesta. Ukitumia epoksi, aina nyingine ya resini, mikeka mingi haiyeyuki sawasawa, inabaki migumu na haifuati kona. Kwa epoksi tumia kitambaa peke yake. Epoksi inashika vizuri zaidi kwenye faiba ya zamani, hilo silikatai, ila jelikoti ya kawaida haipendi kukaa juu yake, na mimi nilitaka kumalizia kwa jelikoti. Nikachagua poliesta. Kichocheo chake ni asilimia moja hadi mbili tu, na hicho ndicho kitu cha hatari kuliko vyote mezani: tone likiingia jichoni linaweza kukupofusha. Miwani ya kazi kabla ya kufungua kichupa, na barakoa ya vichujio vya mvuke, si ile ya vumbi. Usichanganye kopo zima kwa pamoja pia. Resini ikikaa nyingi ndani ya kopo inajipasha yenyewe, inaweza kutoa moshi na kuyeyusha kopo la plastiki mkononi.

Hapo ndipo mimi na mjomba tulipoachana. Yeye Tanga anafanya kazi alfajiri na kupunguza kichocheo, maana jua likipanda resini inamgandia kwenye brashi. Mimi huku Mei ilikuwa nyuzi joto 11, na resini ilikaa ikinitazama. Chini ya nyuzi 15 hivi poliesta inalala. Nikaning'iniza taa ya joto na turubai kuzunguka ubavu wa trela. Mjomba alicheka sana alipoona nimelijengea hema trela.

Jelikoti ya juu nayo ina tabia yake: ikiguswa na hewa inabaki inanata. Bandika nailoni juu yake mpaka ikauke, kisha piga msasa wa maji kuanzia mkali mpaka laini, halafu polishi. Baada ya kusaga faiba oga kwanza kwa maji baridi. Ukianza na maji ya moto, ukijikuna usiku kucha usiseme hukuambiwa.

Sakafu niliikata mpaka nilipofikia mbao nzima, nikaacha ikauke na feni muda mrefu kuliko nilivyopenda, nikaweka plaiwudi mpya. Kingo za plaiwudi ndizo zinazokunywa maji, kwa hiyo zilipata resini kwanza na nyingi kuliko pengine popote. Kisha vipande vya faiba vinaunganisha sakafu na ganda pembeni, kama ilivyokuwa kiwandani. Usikiache kiungo hicho, maana sakafu ndiyo inayolizuia ganda lisitanuke chini.

Chini ya trela kuna ekseli ya mpira. Haina springi, ni bomba la chuma lenye fito za mpira zilizobanwa ndani, na mkono wa gurudumu unapopanda unazisokota. Haihitaji grisi na haipigi kelele, ndiyo maana watu wanaisahau. Lakini mpira unazeeka hata trela likiwa limeegeshwa. Tazama mkono wa gurudumu kutoka ubavuni. Ulitengenezwa ukielekea chini. Ukiukuta umelala sawa, au umepanda juu ya mlalo, mpira umekufa na kila shimo la barabara linaingia moja kwa moja kwenye ribiti zako. Haitengenezwi, inaagizwa mpya. Pima umbali kati ya nyuso za habu, pale magurudumu yanapofungwa, pima umbali kati ya mabano ya kufungia, pima tena.

Beringi ni kazi ya kila mwaka na naipenda. Inua kwa jeki, zungusha gurudumu, sikiliza. Toa kofia, pini na nati, beringi itakuja mkononi. Osha grisi yote ya zamani, tafuta mikwaruzo au rangi ya bluu ya chuma kilichoungua, kisha sukuma grisi mpya kwa kiganja mpaka itokee upande wa pili. Nati unaikaza huku gurudumu likizunguka, unailegeza, unairudisha kwa vidole tu. Pini mpya kila mara, ni senti chache. Ukiwa safarini, kila kituo cha mafuta gusa habu zote mbili. Vuguvugu ni sawa. Ikikuunguza, usiondoke.

Tairi za trela hazifi kwa kuisha kashata, zinakufa kwa umri. Soma tarakimu nne za mwisho ubavuni: 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Mimi baada ya miaka mitano au sita nabadilisha hata kama zinang'aa.

Umeme sitauzungumzia sana. Taa ikiwaka hafifu au ya breki ikiwasha na ya pembeni, kabla hujakata waya wowote safisha mahali waya wa ethi unapokaza kwenye chesisi, mara nyingi umemaliza. Gesi ni sabuni na maji kwenye kila kiungo, viputo vikitokea funga. King'ora cha gesi kiko chini karibu na sakafu kwa sababu propani ni nzito kuliko hewa na inatuama, na kina tarehe ya kuisha nyuma yake ambayo wengi hawajawahi kuisoma. Friji ya gesi haina mota. Amonia inazungushwa humo kwa joto, kwa hiyo trela likiegeshwa limeinama haipoi, na ikiachwa hivyo muda mrefu inaharibika kabisa.

Oktoba naanza kulifunga kwa ajili ya baridi. Maji yakiganda yanaongezeka karibu asilimia tisa, na bomba halina pa kuyaweka. Namwaga tanki, napuliza mabomba, nasukuma ile dawa ya pinki ya kuzuia kuganda mpaka itoke pinki kwenye bomba la sinki, na nyingine kidogo naimimina kwenye mtego wa maji chini ya sinki. Dawa ya rejeta ya gari haiingii humu hata kidogo, ile ni sumu. Betri inaingia ndani ya nyumba. Nyavu za chuma naziziba kwenye kila upenyo wa waya kwa ajili ya panya, ambao msimu wa baridi wanaona magodoro yetu ni yao.

Jirani alinipa turubai la bluu kwa nia njema. Nimelihifadhi gereji. Upepo wa hapa unalipigapiga turubai mpaka linasugua jelikoti na kuacha michirizi, na chini yake unyevu hautoki. Theluji ikizidi juu ya paa naisukuma kwa ufagio laini, nikizunguka mbali na kifuniko cha tundu la hewa, maana plastiki hiyo kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri inapasuka kwa kuguswa tu. Ufa wake hutauona chini ya barafu, na Machi ikiyeyuka maji yatakuwa yameshafika kwenye zulia.